Kuvua Uhusika: Namna ya Kumlinda Mwigizaji wa Sini Nzito

Mwigizaji akivaa uhusika barabara, kila mtu anampongeza. Namna atakavyouvua, hakuna anayemuuliza. Onyesho likiisha pale Mwaloni Kirumba au kwenye uwanja wa shule ya msingi huko Sengerema, spika zinafungwa, mwenyekiti wa kijiji anatoa shukrani, watu wanatawanyika. Binti ambaye nusu saa iliyopita alikuwa anaburutwa na "mume" wake mbele ya umati anatakiwa apande gari, afike nyumbani, apike, alale. Kesho yake saa nne asubuhi anaburutwa tena, kijiji kingine.

Vikundi vya sanaa vya Kanda ya Ziwa haviwezi kukwepa mada ngumu, kwa sababu maisha ya huku yamezibeba: mauaji ya watu wenye ualbino, vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, ukeketaji upande wa Mara, watoto wa kike wanaoozwa, vipigo vya nyumbani, ajali za majini. Wala si jambo la jana. Mapema miaka ya 1980, wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakafanya kazi na wanakijiji kuyaweka matatizo yao kwenye maigizo. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Lakini uzito wa mada hizi hupita kwanza kwenye mwili wa mwigizaji kabla haujamfikia mtazamaji, na vikundi vingi havina mpango wowote wa kumsaidia kuutua.

Msimamo wa makala haya ni mmoja: kutoka kwenye uhusika ni kazi, kama ilivyo kuingia. Inafanyiwa mazoezi, inatengewa muda kwenye ratiba, na inakuwa na mtu wa kuisimamia. Kumwambia mwigizaji "kaza moyo, wewe ni msanii" si mpango.

Kinachotokea mwilini

Akili ya mwigizaji inajua kabisa kwamba anaigiza. Mwili wake, hata hivyo, hufuata unachofanyishwa. Ukipumua kwa kasi kutoka kifuani, ukapandisha mabega, ukauma meno na kupiga kelele za kuomba msaada kwa dakika kumi, mwili unamwaga adrenalini kama ungefanya kwenye hatari ya kweli. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa, tumbo linapunguza kazi yake. Ndiyo maana mtu anatoka jukwaani mikono inatetemeka, ana kichefuchefu, na hawezi kugusa wali uliopikwa kwa ajili ya kikundi. Hali hiyo haiondoki kwa makofi ya watazamaji. Inaweza kuchukua nusu saa na zaidi mwili kutulia, na usipotulia kabla ya usiku, usingizi unakuja kwa shida au hauji kabisa.

Mara moja haiumizi sana. Kinachoumiza ni marudio, ukaribu, na kukosa mlango wa kutokea.

Marudio yanaeleweka kwa hesabu ndogo. Kikundi kinachozunguka vijiji vitano kwa wiki, maonyesho mawili kwa siku, kinamrudisha mwigizaji yuleyule kwenye sini hiyo mara kumi ndani ya siku tano, bila kuhesabu mazoezi. Kwenye filamu ni hivyohivyo: sini moja ya msiba inaweza kurudiwa asubuhi nzima kwa sababu ya kelele za bodaboda, jua lililohama, au mwenzake aliyesahau maneno. Kila mara mwongozaji akisema "kata", kamera inazimwa. Mapigo ya moyo hayazimwi.

Ukaribu ni pale hadithi inapofanana na maisha ya mwigizaji mwenyewe. Hapa Mwanza jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia jiji, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kutia nanga Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Chukua waigizaji kumi wa Mwanza au Ukerewe: ni rahisi kabisa kumpata mmoja wao ambaye mjomba, shangazi au jirani yake alikuwemo. Huyo akipewa nafasi ya mama anayengoja habari ufukweni, hatakuwa anaigiza tu, na huenda asimwambie mtu.

Mlango wa kutokea ndio huo tunaousahau. Msiba wenyewe tumeuwekea utaratibu: watu wanakaa matanga, siku inafika matanga yanaanuliwa, ndugu wanarudi makwao na mfiwa anaruhusiwa kuanza kuishi tena. Uhusika wa msiba haujaanuliwa na mtu. Mwigizaji anabaki nao hadi onyesho linalofuata.

Kuna dalili moja ambayo waongozaji huisoma vibaya, nayo ni ganzi. Mwigizaji aliyekuwa analia kwa tabu wiki ya kwanza, wiki ya nne anaingia na kutoka bila kutikisika, hacheki na wenzake, hana hamu ya chakula. Kiongozi anafurahi, anasema amekomaa. Mara nyingi hajakomaa. Amejizima ili aweze kuendelea.

"Lia kweli, kumbuka mama yako alivyofariki"

Amri hii inasikika kwenye mazoezi mengi, na wanaoitoa wanaamini ndiyo sanaa ya juu. Asili yake ni ya heshima. Stanislavski, mwalimu mkubwa wa uigizaji wa Urusi (1863–1938), aliwahi kufundisha kwamba mwigizaji anaweza kuamsha hisia ya jukwaani kwa kurudia kumbukumbu ya tukio lake mwenyewe. Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji, akalichukua wazo hilo Marekani na kulifanya nguzo ya mafunzo yake. Lakini hata Strasberg aliweka sharti: kumbukumbu inayotumika iwe imepita muda mrefu, angalau miaka saba. Naye Stella Adler, mwigizaji wa Marekani aliyeonana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, alirudi kwao akieleza kwamba mwalimu huyo sasa anatilia mkazo hali aliyomo mhusika na vitendo anavyovifanya, kuliko kufukua maumivu binafsi. Sehemu hiyo ya pili ya habari haikufika kwenye vikundi vyetu.

Njia ya kufukua ina kasoro tatu, na zote ni za kiutendaji. Kwanza, kumbukumbu inachakaa: ukiitumia mara nane inaacha kutoa machozi, na mwigizaji analazimika kutafuta kidonda kibichi zaidi. Pili, haina breki. Ukiita siku ya kifo cha mama, inakuja na mengine ambayo skripti haikuyahitaji, na mwigizaji anaweza kukwama katikati ya sini asisikie hata neno la mwenzake. Tatu, kumbukumbu yenyewe inaharibika. Mtu anayemtumia marehemu mama yake kulia jukwaani hufika mahali hawezi tena kumkumbuka bila kuliona jukwaa. Nadhani hakuna onyesho linalostahili malipo hayo. Na mwongozaji anayefungua jambo kama hilo hana ujuzi wa kulifunga.

Badala yake, jenga sini kwa vitendo. Chukua ya mama anayengoja mtumbwi wa mwanawe. Yuko ufukweni anaanika dagaa kwenye wavu. Kijana anakuja mbio, anasimama, hasemi. Mama anaendelea kugeuza dagaa kwa mkono wa kulia huku amemkazia macho. Anauliza, "Na Masanja?" Kijana anainamisha kichwa. Mkono unageuza dagaa mara mbili zaidi, kisha unasimama. Hapo mwigizaji anavuta pumzi tatu fupi kwa mdomo, juu ya kifua, bila kutoa. Anaishika kidogo. Anaitoa yote kwa mkupuo mrefu wenye sauti nzito ya chini, "Mayoo!", itokayo tumboni. Goti la kushoto linakunjika, nyonga inakaa chini, kiganja kinashika mchanga, mwisho paji la uso linalala juu ya mkono.

Kinachowaliza watazamaji hapo ni ule mkono ulioendelea kugeuza dagaa baada ya kichwa kuelewa. Mwigizaji hakumhitaji marehemu wake yeyote. Ana orodha anayoijua: mkono mara mbili, pumzi tatu, goti, nyonga, kiganja, paji. Machozi yakija, sawa. Yasipokuja, sini bado imesimama. Na kwa kuwa aliingia kwa hatua zinazohesabika, atatoka kwa hatua zinazohesabika.

Sauti nayo ilindwe. Kilio cha juu cha kukwaruza koo, siku mbili mfululizo, kinampa mtu ukwaruzi wa wiki nzima. Sauti ishuke, koo liwe wazi kama la mtu anayepiga miayo, nguvu itoke tumboni. Maji yawe karibu, na asiongee kwa kunong'ona akidhani anapumzisha sauti. Kunong'ona nako kunachosha koo.

Kabla ya mazoezi: kikao cha mipaka

Kikao hiki kinafanyika baada ya skripti kusomwa na kabla nafasi hazijagawiwa. Mpangilio huo una sababu yake: ukishamwambia mtu "wewe ndiye mama", kukataa kunageuka utovu wa nidhamu.

Kiongozi anasoma mada na vitendo vyote vilivyomo bila kupamba: kuna kupigwa, kuna maiti, kuna kutishiwa kwa panga, kuna mtu kushikwa mkono kwa nguvu, kuna kuvuliwa kilemba. Kila mwigizaji anapewa karatasi yenye orodha hiyo, anaweka alama mojawapo kati ya tatu: naweza, siwezi, naweza kwa masharti. Karatasi inarudishwa ikiwa imekunjwa. Hakuna sanduku la "kwa sababu gani". Hilo ndilo jambo lenyewe. Aliyebakwa akiwa mtoto hapaswi kulieleza kundi zima ili apewe ruhusa ya kutoigiza kubakwa. Akisema hapana, apewe nafasi nyingine na habari iishie hapo, bila utani wala minong'ono.

Siku hiyohiyo mnakubaliana neno la kusimamisha. Lisiwe "hapana" wala "niache", kwa kuwa maneno hayo yapo kwenye skripti na mshikaji atadhani ni uigizaji. Chagueni neno lisiloweza kuingia kwenye hadithi, mathalani "nanasi", au kugonga sakafu mara mbili kwa kiganja pale mdomo unapokuwa umezibwa. Neno likitamkwa, kila mtu anaachia, hakuna anayeuliza. Lijaribiwe kweli kwenye mazoezi, kila mmoja alitamke angalau mara moja kwa sauti, maana neno ambalo halijawahi kutamkwa halitatoka siku ya shida. Vijana wadogo hasa hawatathubutu kumsimamisha dairekta ambaye wanamwita mwalimu au mzee. Kwa hiyo mwongozaji awe wa kwanza kuwaruhusu, na wa kwanza kulitii.

Kipigo hupangwa kama ngoma, hatua kwa hatua, kwanza polepole sana. Kanuni inayookoa wengi ni kwamba anayeonekana kuonewa ndiye anayeongoza mwendo. Kwenye kukabwa, viganja vya mkabaji vinatua juu ya mifupa ya mabega karibu na shingo, kamwe si kooni, na mkabwaji anashika vifundo vya mikono hiyo kana kwamba anaitoa, kumbe ndiye anayeizuia. Kwenye kuburutwa kwa nywele, mburutaji anaweka ngumi iliyofungwa juu ya kichwa bila kushika unywele, mburutwaji anaishikilia kwa mikono yake miwili na kutembea mwenyewe kwa miguu yake. Kibao hakimgusi mtu: anayepiga anasimama mbali kiasi kwamba vidole haviwezi kufika shavuni, watazamaji wanawekwa upande usioona pengo, na sauti ya "pa" inatoka kwa mpigwaji anayegonga viganja vyake karibu na kifua huku akigeuza kichwa. Vikundi vinavyosema "mpige kweli kidogo, watu waamini" huishia na sikio linalovuma na waigizaji wawili wasioaminiana tena.

Kuhusu kubakwa, ushauri wangu hauna masharti: tendo lenyewe lisionyeshwe jukwaani, hasa uwanjani penye watoto. Onyesha mlango unaofungwa. Onyesha kanga iliyoanguka, na mama anayeikuta. Mtazamaji ataelewa, na mwigizaji hatalazimika kulazwa chini ya mtu mara kumi kwa wiki. Kwenye filamu, pale ambapo sini ya faragha haiepukiki, wabaki wale tu wanaohitajika, simu zote zikae nje, na kila mguso uwe umeandikwa na kukubaliwa siku moja kabla. Kampuni kubwa za nje zimeshaliwekea hili mtu maalumu. Kampuni ya televisheni ya HBO ya Marekani ilianza kuajiri waratibu wa sini za faragha mwaka 2018. Kikundi chenye watu wanane hakihitaji kuajiri. Kinahitaji mwanamke mmoja mzoefu, asiye mwongozaji wala mpenzi wa mwongozaji, mwenye mamlaka ya kusema "inatosha".

Jambo la mwisho la mazoezi: msirudie sini nzito kwa nguvu zote. Mpangilio, mahali pa kusimama na maneno hupitiwa kwa nusu nguvu, sauti ya kawaida, bila kulia. Kwa nguvu kamili mara mbili kwa siku zinatosha, na iwe katikati ya mazoezi, isiwe mwisho, ili watu wamalizie na kitu chepesi kabla ya kwenda nyumbani. Kwenye kushuti, piga picha ya karibu ya kilio kwanza, mwigizaji akiwa na nguvu, halafu ndipo urudi kwenye picha za mbali ambazo mgongo tu ndio unaoonekana.

Dakika kumi na tano za kuvua

Miaka ya 1970 huko Chile, mtafiti Susana Bloch na wenzake waligundua jambo lenye faida kubwa kwa waigizaji: mpangilio wa pumzi, mkao wa mwili na misuli ya uso unaweza kuiita hisia, na kwa njia hiyohiyo unaweza kuiondoa. Njia yao ya kutoka ni fupi. Pumzi tatu au zaidi, ndefu, za polepole, kulegeza misuli yote ya uso, kubadilisha mkao. Haigharimu kitu, na inaweza kufanyika nyuma ya turubai au kwenye kivuli cha mwembe.

Ifanyieni nyongeza. Mara tu baada ya onyesho, kabla ya kupiga picha na viongozi, kikundi kinajitenga. Mnapumua pamoja, kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, mara tano au sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakoushusha moyo. Mnakunja na kukunjua nyuso, mnapapasa mashavu kwa viganja. Mnajitikisa mikono na miguu kwa dakika moja. Kisha mavazi ya uhusika yanavuliwa yote, hata kama ni kanga tu juu ya gauni, yanakunjwa na kuwekwa kwenye mfuko mmoja unaobaki na kikundi. Asirudi nyumbani na kanga ya mhusika aliyepigwa. Uso na mikono vinaoshwa kwa maji. Halafu kila mmoja anataja jina lake halisi na jambo moja la kwake atakalolifanya jioni hiyo: "Naitwa fulani, nakwenda kumchukua mtoto kwa bibi yake." Waliokuwa mtesi na mteswa wanatazamana, wanaitana kwa majina yao, wanashikana mikono. Jozi hiyo isiachwe iondoke bila kufanya hivyo.

Wakati huo si wa kukosoa onyesho. Makosa ya maneno na taa yasubiri kesho.

Wala msiwalazimishe watu waeleze walivyojisikia. Vikundi vingine, kwa nia njema, vinakaa duara na kumtaka kila mtu aseme yote. Shirika la Afya Duniani halishauri watu waliotoka kwenye tukio baya kupitishwa kwa lazima kwenye kikao cha kusimulia kila kitu, kwa sababu hakizuii madhara na kwa baadhi yao kinaweza kuyaongeza. Kwa mwigizaji pia, muulize "uko sawa? unahitaji nini?" kisha usikilize. Akitaka kuzungumza, mpe muda. Akitaka kunywa soda kimya, akae na mtu kimya.

Pombe ndiyo njia ya kuvua uhusika ambayo fani hii imeizoea zaidi, na inadanganya. Inaleta usingizi wa haraka, kisha inauvunja usingizi huo saa nane usiku, mtu anaamka moyo unadunda. Chakula cha moto, kuoga na kutembea kwa miguu dakika ishirini vinafanya kazi nzuri zaidi.

Majina, majeneza na uchuro

Kwenye filamu zetu kuna desturi ya mwigizaji kumpa mhusika jina lake mwenyewe. Kwa vichekesho haina neno. Kwa sini ya kifo au ya kubakwa, iachwe kabisa. Mtu akisikia jina lake likiliwa matanga, hata akiwa mgumu kiasi gani, kuna kitu kinamgusa; na mama mzazi akiiona filamu hiyo atasema amejichuria. Hofu ya uchuro isibezwe kwenye kikao. Mwigizaji anayekataa kulala ndani ya jeneza ana haki ya kukataa, iwe sababu ni imani yake au kifua kinambana. Jeneza lililofungwa, lenye watu wanne wa kulibeba, linaeleza kila kitu bila mtu ndani. Kama mwili lazima uonekane, tumia shuka nyeupe juu ya mito na magunia.

Maji nayo yana mambo yake. Usimpeleke mwigizaji akaigize kuzama ziwani. Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho, na maji ya ufukweni yenye konokono ndiyo yanayokiambukiza. Kuna sehemu zina mamba. Na mtu anayeigiza kuomba msaada majini haonekani tofauti na anayeuomba kweli. Kitambaa kirefu cha buluu, mita sita au nane, kikishikwa pande mbili na watu wanne na kutikiswa chini kisha juu, kinazamisha mtumbwi mzima jukwaani. Uso usifunikwe, pumzi isizuiwe kwa muda mrefu. Kubana pumzi kunaleta hofu ya kweli hata kwa anayejua kuogelea.

Mtesi na watazamaji

Tunamhurumia aliyepigwa, tunamsahau aliyepiga. Kijana anayeigiza mbakaji au muuaji wa mwenye ualbino anabeba mambo mawili: aibu ya maneno anayoyatamka kila siku, na hasira ya watu. Anaweza kuzomewa sokoni siku mbili baadaye, au kukataliwa na wazazi wa mchumba. Kinga yake kubwa ni kufanya utambulisho baada ya onyesho, palepale mbele ya umati, akiwa amevua vazi la uhusika: jina lake, anakotoka, na sentensi moja aisemayo mwenyewe kulaani kitendo alichokiigiza. Asiachwe arudi peke yake kwa bodaboda kijiji ambacho dakika chache zilizopita kilitaka kumrushia mawe. Na kama onyesho ni la jukwaa la majadiliano, kwa mtindo wa Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, ambapo mtazamaji anaingia kubadilisha hadithi, tangazeni mapema kwamba hakuna ruhusa ya kumpiga mtesi. Watu wamewahi kusahau kwamba ni mchezo.

Kuna mzigo mwingine usiotarajiwa. Onyesho linapogusa ukweli, mtu anamsogelea mwigizaji pembeni na kumwambia, "Dada, hata mimi." Binti wa miaka ishirini na mbili, bado ana vumbi la kuburutwa, anageuzwa mshauri. Hapaswi kuchunguza wala kuahidi siri asiyoweza kuitunza. Anamwambia amemsikia, anamshukuru kwa kumwamini, anampeleka kwa mwenye dhamana ya kusaidia. Kwa hiyo huyo mwenye dhamana awepo: ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri aalikwe kila onyesho, na mwigizaji awe anajua lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu. Kwa mambo ya watoto kuna namba 116, bila malipo.

Watoto jukwaani

Mtoto asidanganywe ili alie. Kumwambia kwamba mama yake ameondoka, halafu kamera ikawashwa, ni ukatili hata kama picha ikitoka nzuri. Mweleze hadithi kwa maneno mepesi, mpe kitendo cha kufanya (jifiche nyuma ya pipa, ziba masikio, hesabu hadi kumi), na umwonyeshe "damu" ikichanganywa na rangi ya chakula mbele yake. Kelele za kipigo zirekodiwe bila yeye kuwepo. Mzazi au mlezi akae mahali mtoto anapomwona. Ratiba za usiku zisimhusu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto kwa kazi za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Pale inapozidi

Usiku mmoja wa ndoto mbaya baada ya onyesho gumu si ugonjwa. Angalia muda na mwelekeo. Mtu anayekosa usingizi, anayeshtuka kwa sauti ndogo, anayeona sini ikimjia akiwa kwenye daladala, anayekwepa njia au watu wanaomkumbusha hadithi, mambo hayo yakipita wiki mbili bila kupungua, au yakimzuia kufanya kazi, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Bugando ina huduma hiyo. Aliye mbali aanzie kituo cha afya na kuomba rufaa. Akizungumzia kutaka kufa, hakuna kusubiri wiki wala siku. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali wakati huohuo.

Ili hayo yawezekane bila onyesho kufa, nafasi nzito iwe na watu wawili tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Wapokezane kwa ratiba, mmoja Jumatatu na Jumatano, mwenzake Jumanne na Alhamisi, wala isisubiriwe mpaka mmoja aanguke. Anayepumzika abaki na kikundi kwa kazi nyingine: kupiga ngoma, kushika kitambaa cha buluu, kusimamia zile dakika kumi na tano. Na siku akisema leo hawezi, posho yake isikatwe, kwa sababu ikikatwa mara moja tu, wenzake wote watakuwa wameona, na hakuna atakayesema tena.